Kompyuta Isiyolijua Neno Lake la Siri

Msomaji mmoja wa Komarock amenunua kipakatalishi cha mtumba, vile vinavyotangazwa kuwa Ex-UK, ili aanze kazi ya kuchapa na kupiga kopi kando ya Barabara ya Kangundo. Mashine inadai nywila kabla hata Windows haijaamka, na aliyeiweka yuko ng'ambo, hajulikani. Ukikosea mara tatu, kioo hutangaza kwamba mfumo umefungwa, kisha huandika nambari ya tarakimu tano. Fundi amemshauri abadilishe bodi nzima. "Sasa hiyo nambari," anauliza, "ni ya nini?"

Ingekuwa kompyuta ya mezani, ningemjibu haraka. Izime, chomoa waya wa umeme, ng'oa betri ya duara iliyoandikwa CR2032, subiri dakika kadhaa, irudishe. Nywila ya mashine nyingi kuukuu za mezani hukaa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri hiyo; umeme ukikatika, mashine husahau nywila pamoja na tarehe. Yamekwisha hayo. Nambari ya tarakimu tano ndiyo yenye utamu.

Turudi mwaka 1984, IBM ilipotoa kompyuta ya PC/AT. Ndani yake mlikuwa na kijisilikoni cha Motorola chenye kumbukumbu ya baiti 64. Baiti 14 zilikuwa za saa, na 50 zilizosalia zikabeba kila kitu ambacho mashine ilipaswa kukumbuka ikiwa imezimwa: aina ya diski, ukubwa wa kumbukumbu, mipangilio yote. Baadaye watengenezaji wa BIOS, yaani programu inayoiamsha mashine, walipotaka kuongeza nywila, walikuta chumba kimebana. Neno la herufi nane lingekula baiti nane. Tena yeyote ambaye angeisoma kumbukumbu hiyo angelikuta neno limelala pale wazi. Kampuni ya Award, ambayo BIOS yake ilienea sana miaka ya 1990, ikapata njia nyingine: usihifadhi neno, hifadhi jumla yake. Baiti mbili zinatosha.

Tuipe herufi A thamani ya 1, B 2, mpaka Z 26. UGALI inakuwa 21 na 7 na 1 na 12 na 9: jumla 50. Mashine inaandika 50 na kulitupa neno. Kesho ukiandika UGALI, inajumlisha upya, inapata 50, inafungua. Lakini jaribu NAZI: 14 na 1 na 26 na 9. Hamsini! Mlango unafunguka kwa neno ambalo hakuna aliyeliweka.

Mfikirie mweka hazina wa chama ambaye daftari lake lina nafasi ya mstari mmoja tu. Jumapili wanachama wanachanga, anaandika 5,000, majina hayaandiki. Wiki ijayo mtu anadai kuwa Wanjiru alitoa 2,000 na Otieno 3,000. Mweka hazina anajumlisha, anatazama daftari, anakubali. Akija mwingine na kusema ni Mutua aliyetoa 4,500 na Halima 500, anakubali vilevile. Huwezi kumlaumu kwamba amedanganywa, kwa kuwa majina hakuwahi kuwa nayo. Anayetaka kumpita hana haja ya kujua nani alichanga nini. Anachohitaji ni ile 5,000. Na huyu mweka hazina wetu ana tabia moja ya ajabu: ukimbishia mara tatu, anapandwa na hasira na kuisoma jumla kwa sauti mlangoni.

Ndiyo ile nambari ya Komarock. Katika vipakatalishi vingi kuukuu, hasa vyenye BIOS ya Phoenix, tarakimu zile tano ni jumla ya nywila, zimewekwa zionekane ili fundi wa kampuni aweze kumsaidia mteja aliyesahau.

Nimetafuta jina la jumla hii. "Cheksamu" linakwaruza koo, na "jumla" peke yake ni la sokoni. Nitaiita jumla-hakiki, mpaka apatikane atakayenipa bora zaidi.

Wahandisi waliona kwamba kujumlisha kavu hakufai, maana UGALI na herufi zake zikivurugwa vyote ni 50. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza herufi inayofuata, Award huizungusha jumla kwa namna inayolingana na kuizidisha kwa nne. AB inakuwa 1 mara 4 ongeza 2, yaani 6. BA inakuwa 2 mara 4 ongeza 1, yaani 9. Mpangilio sasa una uzito. Phoenix wana kanuni yao, ngumu zaidi. Lakini ugumu wa kanuni haupanui daftari: baiti mbili hubeba jumla 65,536 tu, hazizidi. Maneno ya herufi nane ndogo, ukitumia herufi 26, ni zaidi ya bilioni 208. Gawanya. Kwa wastani kila jumla-hakiki inamilikiwa na maneno zaidi ya milioni tatu! Programu ndogo hujaribu neno baada ya neno mpaka lipatikane moja lenye jumla ileile, na kompyuta ya leo humaliza kazi hiyo kwa sekunde. Neno linalopatikana huwa upuuzi mtupu wa herufi, na karibu kila mara si lile la mwenyewe. Mashine hulipokea bila kusita.

Kwa hiyo msomaji wangu asikimbilie bodi. Ainakili nambari, ampelekee fundi mwenye programu za aina hiyo, kisha nywila ifutwe kwenye mipangilio. Risiti ya ununuzi awe nayo, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta haichezewi. Vipakatalishi vya ThinkPad na vingi vipya ni habari nyingine, na diski yenyewe ikiwa imefungwa pia.

Siku hizi jumla-hakiki nzuri, kama ile iitwayo SHA-256, ina uwezekano unaohesabiwa kwa nambari ya tarakimu 78, na hakuna wa kukutafutia pacha wa neno lako humo. Wazo, hata hivyo, ni lile la baiti mbili: anayelinda mlango hana haja ya kulijua neno. Kwa hiyo ukibofya "nimesahau nywila" kwenye huduma yoyote, nayo ikakutumia nywila yako ya zamani ilivyo, herufi kwa herufi, ihame siku hiyohiyo. Imeandika majina yote kwenye daftari.