Gofu Katika Jangwa la Dubai

Ama mchezo wa gofu, asili yake ni Uskoti, nchi ya mvua na ukungu, ambako nyasi humea zenyewe katika michanga ya pwani pasipo mtu kuzitilia maji, na kondoo wakazipunguza bila ya kudai ujira. Kwa hiyo asikiaye kwamba mchezo huo huo unachezwa Dubai, mahali ambapo joto la kiangazi hupita nyuzi 40 na mvua ni jambo la siku chache za kuhesabika kwa mwaka, ana haki ya kustaajabu na kuuliza nyasi hizo zinaishi kwa riziki gani.

Zamani hazikuwako. Wageni waliokuja Ghuba kwa kazi za mafuta na za biashara walicheza juu ya mchanga mtupu: Dubai Country Club, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilikuwa na kiwanja cha namna hiyo, na Maskati nako, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, wachezaji wa klabu ya Ghala walikula vumbi miaka mingi kabla ya kuotesha nyasi. Kila mchezaji alibeba kipande cha zulia la nyasi bandia. Mpira ukitua ndani ya njia, iliyotiwa alama kwa vigingi, aliuweka juu ya zulia lake akaupiga kutoka hapo, lakini ukivuka vigingi zulia halikumfaa kitu, naye alilazimika kuupiga pale pale ulipozama. Kuzunguka shimo lenyewe, mahali ambapo viwanja vingine huwa na nyasi fupi laini, walitandaza mchanga uliochanganywa na mafuta, wakaushindilia hata ukawa mgumu wenye rangi ya kahawia na mpira ukaweza kubingirika juu yake. Na kwa kuwa kila unyayo uliacha alama, ilikuwa ni adabu kwa waliomaliza kuusawazisha kwa kuburura brashi pana au kipande cha zulia, ili wanaofuata wasirithi athari zao. Nakiri kwamba mapenzi yangu yako upande wa wachezaji hao, maana waliichukua ardhi kama walivyoikuta, hawakuidai isichokuwa nacho.

Mwaka 1988 mambo yaligeuka. Kwa amri ya Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum kilifunguliwa kiwanja cha Emirates Golf Club, kilichosanifiwa na Mmarekani Karl Litten, nacho kikawa cha kwanza cha mashindano katika Mashariki ya Kati kuvikwa nyasi chote. Jengo la klabu likaezekwa kwa umbo la mahema ya Mabedui, na kiwanja chenyewe kikaitwa Majlis, kwa jina la jengo la baraza lililomo humo humo kati ya njia za kuchezea. Uhai wake ulitegemea maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, ambayo kuyapata ni gharama kubwa. Siku hizi viwanja vingi vya Ghuba hunyweshwa maji machafu ya mjini yaliyokwisha kusafishwa, na vingine vimepandwa aina ya nyasi inayostahimili chumvi. Mabomba yakifungwa wiki chache tu za kiangazi, jangwa litairejesha milki yake bila ya kesi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, hesabu yake ni nyepesi: mashimo ni 18, kila shimo limewekewa idadi ya mapigo inayomtosha mchezaji hodari, ambayo kwa Majlis jumla yake ni 72, na mshindi ni yule aliyepiga mara chache zaidi. Mzunguko mmoja huchukua saa nne au zaidi, na mwenye busara huanza alfajiri, wakati umande ungali juu ya nyasi na kivuli cha minazi na mitende hakijafupika. Mpaka baina ya nyasi na jangwa hauna mwafaka: hatua moja unakanyaga kijani kibichi chenye unyevu, hatua ya pili kiatu kinazama katika mchanga mkavu wenye vichaka vya miiba, na mpira ulioangukia huko hausemeshwi kwa nguvu bali kwa stahamala.

Shimo la nane ndilo linalopigwa picha kuliko yote. Mchezaji husimama juu, jangwa likiwa limetandazwa mbele yake, na majumba marefu ya mji yamejipanga kwenye upeo wa macho. Njia hupinda kuelekea kulia huku ikipanda, na anayejaribu kuukata upindo ule kwa tamaa huishia mchangani.

La kumi na nane hatari yake ni nyingine kabisa, nayo ni ziwa lililochimbwa mbele ya shimo. Mashindano ya Dubai Desert Classic, yaliyoanza mwaka 1989, yamewahi kuamuliwa hapo: mwaka 2001 Tiger Woods, ambaye wakati huo hakuna aliyedhani angeweza kushindwa, alitumbukiza mpira majini, akahitimisha shimo kwa mapigo saba, na ushindi ukamwendea Thomas Bjørn wa Denmark. Woods alirudi na kulitwaa kombe mwaka 2006 na tena mwaka 2008. Hata hivyo Ernie Els wa Afrika Kusini amemzidi, akiwa na mataji matatu, na Rory McIlroy amewazidi wote wawili, akiwa na manne.

Mtu wa kawaida huweza kucheza humo akilipa, ila msimu wa baridi, kuanzia Novemba hadi Machi, bei hupanda kwa kuwa kila mtu anautaka. Anayekwenda kiangazi hupata nafuu ya bei, akalipia tofauti hiyo kwa jasho, isipokuwa akichagua kiwanja cha pili cha klabu hiyo, kilichopewa jina la Mwingereza Nick Faldo, ambacho kimewekewa taa na huchezwa usiku, baada ya sala ya Isha, joto likiwa limepungua ingawa halijaondoka.