Ganda la Amri (4): Faili Zinazosomwa Unapoingia

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hapa Nkuhungu vijana wanazifufua kompyuta za zamani kwa kuziwekea Ubuntu. Nimefurahi mno. Lakini malalamiko yameanza: amri inayoitika vizuri kwenye dirisha la terminali haipatikani wakiingia kwa ssh kutoka kompyuta nyingine.

Kabla ya kuwajibu, tumkumbuke Louis Pouzin. Mfaransa huyu, akiwa MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichoka kuandika amri zilezile kila siku kwenye mfumo wa CTSS. Akatunga RUNCOM, programu ya kusoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Zile herufi rc za .bashrc zimetoka huko. Mwaka 1965 alirudi kwao, akiacha maandishi ya kueleza ganda la mfumo wa Multics. Aliyelijenga ni Glenda Schroeder. Mama huyu hatajwi inavyostahili, nami nitamtaja kila nikipata nafasi. Mwaka 1979 Unix toleo la 7 ikaja na ganda la Stephen Bourne, lililosoma .profile mtumiaji anapoingia. Bash ya Brian Fox, ya mwaka 1989, ikaurithi utaratibu huo na kuuongezea mambo.

Turudi kwa vijana. Ukiingia, Bash husoma /etc/profile ya watumiaji wote, kisha hutafuta kwenye saraka yako .bash_profile, .bash_login na .profile, kwa mpangilio huo. Ikipata ya kwanza inayosomeka, nyingine haina habari nazo. Ubuntu hukupa .profile, na hiyo ndiyo huiita .bashrc. Sasa kijana ananakili maelekezo ya mtandaoni asiyoyaelewa, anaunda .bash_profile yenye mstari mmoja. Basi .profile haisomwi tena, na .bashrc inaachwa pamoja nayo. Dirisha la terminali halimwonyeshi kosa, kwa sababu lenyewe huisoma .bashrc moja kwa moja.

Dawa ni kuuhamishia mstari huo kwenye .profile na kuifuta .bash_profile. Uvivu wa kunakili hauna dawa ya haraka hivyo. Vijana, andikeni man bash, msome sehemu ya INVOCATION mpaka mwisho, ndipo mguse faili yoyote. Toleo lijalo tutaeleza .bash_logout.