Namna ya Kuhakiki Jumla Kubwa za Takwimu: Mfano wa Kibondo na Kasulu

Takwimu za Sensa ya Watu na Makazi ni msingi wa kupanga madarasa, dawa na miradi ya maji. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa kunakili, maelfu ya watu wanaweza kuachwa nje ya mpango wa wilaya yao. Mwananchi anaweza kuhakiki jumla hizo hata bila kikokotoo, kwa kutumia sifa ya namba 9.

Katika Sensa ya tarehe 26 Agosti, 2012, Wilaya ya Kibondo ilikuwa na watu 261,331, Mji wa Kasulu 208,244 na Wilaya ya Kasulu, nje ya Mji huo, 425,794. Jumla ya maeneo hayo matatu ni watu 895,369.

Namba yoyote ikigawanywa kwa 9, baki lake hulingana na baki la jumla ya tarakimu zake. Sababu ni kwamba 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, na 1,000 ni 999 na 1. Kila moja huacha baki 1.

Kwa Kibondo, 2+6+1+3+3+1 ni 16, na 1+6 ni 7. Tarakimu za Wilaya ya Kasulu hufikia 31, yaani 4; za Mji wa Kasulu hufikia 20, yaani 2. Ukijumlisha 7, 4 na 2 unapata 13, yaani 4. Tarakimu za 895,369 hufikia 40, ambayo pia ni 4. Hesabu imelingana.

Hata hivyo, kipimo hiki hakitambui tarakimu zilizobadilishana nafasi. Endapo 261,331 itaandikwa 216,331, watu 45,000 watapotea, lakini jumla ya tarakimu itabaki 16.

Kosa hilo hubainishwa na namba 11. Kuanzia kulia, tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano hujumlishwa, kisha hutolewa jumla ya zile za pili, ya nne na ya sita. Kwa namba sahihi ya Kibondo, 10 kutoa 6 ni 4. Kwa ile iliyokosewa, 5 kutoa 11 ni hasi 6. Ikiongezwa 11, huwa 5. Tofauti hiyo huonesha kuwa namba hizo mbili si moja.

Baki zisipolingana, kosa lipo, na namba zilinganishwe na chapisho la Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zikilingana, bado hilo si uthibitisho kamili. Aidha, vipimo hivi huhusu unakili na ujumlishaji pekee: mtu ambaye hakuhesabiwa nyumbani kwake hawezi kuonekana katika baki lolote.