Juzuu 14 za Miaka Mitatu, Kitabu Kimoja cha Miaka Bilioni 2

Mashabiki wa bunilizi za kisayansi na riwaya za fantasia wana ugonjwa wa kuhesabu. Wanahesabu kurasa, tuzo, miaka ya kungojea juzuu inayofuata, hata idadi ya wafalme waliouawa. Siku hizi nimekuwa nikisoma vitabu vya aina hiyo, vingine vipya, vingine vya zamani nilivyochelewa kuvifikia, nami nimeona nigawe medali zangu. Baadhi ya rekodi hizi zinajulikana na kila mtu. Nyingine ni zangu mwenyewe, na asiyekubaliana nazo na agawe zake.

Tuanze na urefu. The Wheel of Time ya Mmarekani Robert Jordan ilianza kutoka mwaka 1990 na juzuu yake ya 14 ikatoka 2013. Katikati hapo, mwaka 2007, mwandishi alifariki, na Brandon Sanderson akakabidhiwa maandishi aliyoyaacha ili amalizie. Akamalizia kwa vitabu vitatu vinene. Jumla yake ni maneno zaidi ya milioni 4. Pamoja na wingi wote huo, matukio makuu ya hadithi yenyewe yanachukua kama miaka mitatu tu! Juzuu ya 10, Crossroads of Twilight, ndiyo inayoshika medali ya kurasa nyingi kuliko zote ambamo hakuna kinachotokea. Mwishoni mwa juzuu ya 9 kulikuwa na tukio kubwa la kichawi, na sasa mhusika mmoja baada ya mwingine analihisi kwa mbali, anashtuka, anajiuliza ni nini, kisha anamiminiwa chai. Niliruka kurasa na sikukosa kitu.

Upande wa pili kabisa yuko Olaf Stapledon, mwanafalsafa wa Uingereza, na kitabu chake Last and First Men cha mwaka 1930. Hiki ndicho kitabu chenye muda mrefu kuliko vyote nilivyosoma: miaka bilioni 2 ndani ya kitabu kimoja cha unene wa kawaida. Msimulizi ni mmoja wa binadamu wa mwisho, wanaoishi kwenye sayari ya Neptune, anayezungumza kupitia akili ya mtu wa karne ya 20. Anatusimulia aina 18 za binadamu, kila moja ikizaliwa kutoka kwenye magofu ya iliyotangulia. Aina ya nne ni ubongo mtupu, mkubwa kiasi cha kujengewa jengo lake, usio na huruma. Aina ya saba inaishi kwenye sayari ya Zuhura na ina mabawa, inaruka tu kwa raha zake, na siku isipoweza kuruka inashikwa na huzuni. Hakuna mhusika wa kumshika moyoni kwa sababu hakuna anayeishi zaidi ya aya mbili. Ungetarajia kitabu kikavu kama ripoti ya tume. Lakini nilipofika kwa hao wenye mabawa nilijikuta nawaonea uchungu kuliko nilivyomwonea mfalme yeyote wa Jordan. Miaka saba baadaye Stapledon alivunja rekodi yake mwenyewe: katika Star Maker, historia yote hiyo ya binadamu imekuwa jambo dogo la kupitiwa haraka, na kinachosimuliwa ni uhai wa ulimwengu mzima.

Tukirudi kwa Sanderson, yeye aliweka rekodi ya fedha. Mwaka 2022 alitangaza kwamba wakati wa janga la Uviko alikuwa ameandika riwaya za ziada kwa siri, akaitisha harambee mtandaoni ili azichapishe mwenyewe. Wasomaji walichanga zaidi ya dola milioni 41, kiasi ambacho hakuna mchango wowote kwenye jukwaa lile la Kickstarter uliokuwa umewahi kukifikia. Ya kwanza kati ya riwaya hizo, Tress of the Emerald Sea, ndiyo niliyoisoma. Bahari zake hazina maji. Zimejaa vumbi la mbegu linalomwagika kutoka kwenye miezi 12 inayoning'inia angani, na mbegu za kijani zikiguswa na tone la maji zinafumuka papo hapo kuwa mizabibu minene. Kwa hiyo baharia wa huko anaogopa mvua, na anaogopa hata jasho lake mwenyewe. Medali ya bahari mbaya kuliko zote ni yake. Hadithi yenyewe ni tamu, ila msimulizi anajua mno kwamba ni mcheshi.

Kwenye tuzo hakuna ushindani. Tuzo ya Hugo ilianza kutolewa mwaka 1953, na kwa zaidi ya miaka 60 hakuna mwandishi aliyepata ile ya riwaya bora mara tatu mfululizo. N. K. Jemisin akaipata 2016, 2017 na 2018, kwa vitabu vyote vitatu vya mfululizo wake wa The Broken Earth. Ushindi wa 2016 pekee ulikuwa tayari rekodi: alikuwa mwandishi mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo ya riwaya. Bara lake linatikiswa na matetemeko yasiyokwisha, na wapo watu waliozaliwa na uwezo wa kuyatuliza au kuyachochea. Kwa uwezo huo wanachukiwa, wanauawa, au wanafunzwa na kutumiwa na dola. Riwaya ya kwanza, The Fifth Season, inaanza na mama aliyerudi nyumbani akamkuta mwanawe mdogo amekufa, na aliyemuua ni baba yake, baada ya kugundua mtoto ana uwezo huo. Sehemu kubwa ya masaibu ya mama huyu imeandikwa kwa nafsi ya pili. Ni wewe unayetembea barabarani na majivu yanakuangukia kichwani.

Humo ndimo ulimo pia ukurasa uliokuwa mgumu kuusoma kuliko yote. Nchi nzima imejengwa vituo vya kutuliza ardhi, na wananchi wanadhani wanaokaa humo ni watumishi tu wa kawaida. Wasafiri wawili wanaingia katika kimoja na kumkuta mtumishi huyo. Ni mtoto, amefungwa kwenye kiti, amechomekwa mirija, akili yake imezimwa kwa makusudi ili ibaki ile silika ya kutuliza tu. Amekwisha kufa. Jemisin halii kwa niaba yako. Anaeleza kiti kilivyo, anaendelea. Nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Dune ya Frank Herbert, ya 1965, inachukua medali ya mswada uliokataliwa sana: wachapishaji zaidi ya 20 waliukataa, na aliyeukubali alikuwa akijulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Kwa kungojewa, George R. R. Martin hana mpinzani. Juzuu ya tano ya mfululizo wake ilitoka 2011, na ya sita bado inangojewa. Susanna Clarke naye alikaa miaka 16 kati ya riwaya yake ya kwanza na ya pili, akarudi 2020 na Piranesi, kitabu chembamba kisichokuwa na neno la kupunguza.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni Kirinyaga cha Mike Resnick, na kinastahili maelezo, kwani ni cha kwetu kwa kiasi fulani. Ni mkusanyo wa hadithi zinazoungana, uliotoka 1998, na hadithi zake kadhaa zilishinda tuzo kubwa. Wagikuyu wachache wamepewa kisayari chao ili waishi kama mababu. Mganga wao, Koriba, amesoma Cambridge na Yale, na ndiye peke yake mwenye kompyuta. Mvua ikihitajika, anaomba mzingo wa kisayari ubadilishwe, halafu anawaambia watu ni kazi ya Mungu wao, Ngai. Katika hadithi moja anamuua mtoto mchanga kwa kuwa alizaliwa akitanguliza miguu. Katika nyingine, msichana aitwaye Kamari anatamani kusoma. Koriba anaiamuru kompyuta isizungumze naye kwa lugha yoyote inayojulikana, naye msichana anaunda lugha mpya. Mwisho wake ni msiba, na ni hadithi nzuri ajabu.

Sasa kwa nini nimeudhika? Resnick hamuungi mkono Koriba, hilo ni wazi. Lakini kijiji chake kimejaa watu wanaosikiliza tu. Hakuna matani, hakuna bibi mwenye mdomo, hakuna ule ubishi wa baraza la wazee unaojaa katika vitabu vya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kamari peke yake ndiye mtu kamili, na mwandishi hakumwacha aishi.

Medali ya mwisho ni ya nchi isiyokuwepo iliyo bora kuliko zote, na hiyo naitoa kwa Kiswahili bila aibu. Shaaban Robert aliining'iniza Kusadikika angani mwaka 1951, akamsimamisha Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na kwa kurasa zisizofika 100 akamaliza kazi. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali, alitoa Walenisi: Dzombo anahukumiwa, anafungiwa ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kumuua, anajifunza kukiendesha, na anatua kwenye sayari ambako hakuna mkubwa wala mdogo. Wanaosema hatuna bunilizi za kisayansi hawajapanda chombo hicho.

Anayetaka kuanza, aanze na The Fifth Season, na anunue zote tatu kwa pamoja, maana ya kwanza inaishia kwenye swali litakalomnyima usingizi. Kusadikika kinasomeka jioni moja. Walenisi itafute kwa wauza vitabu vya mitumba, na ukiipata usimwazime mtu.