VLC ilipohamia kwenye simu

Mpe kijana wa kibanda cha muvi flashi yako akujazie filamu, na yawezekana mafaili mengi yatakuwa ya aina ya MKV. Ukifika nyumbani utayafungua kwa ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, kwenye kompyuta au kwenye simu, bila kujiuliza ilifikaje kote kuwili. Kwenye simu haikufika kirahisi.

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Mwaka 2001 msimbo wake ukaachiwa huru chini ya leseni ya GPL: yeyote auchukue, auchunguze, aubadilishe na kuugawa, mradi anayeupokea naye asinyimwe haki hizohizo. Kwenye kompyuta programu ya namna hiyo hujitawala. Mtu huipakua, huisakinisha, basi. Kwenye simu inakuwa mpangaji, na mwenye nyumba ana masharti yake.

Wengi hudhani kazi kubwa ni kupunguza vitufe vienee kwenye kioo kidogo. Hiyo ni sehemu nyepesi, hasa kama waandishi walitenganisha mapema kiini cha programu na sura yake. VLC inacho kiini hicho, kinaitwa libVLC. Ndicho kinachosoma faili, kinachotenga picha na sauti, kinachofuatanisha maandishi na midomo ya waigizaji. Hakijui kama anayekiamuru ameshika kipanya au anagusa kwa kidole. Kwa kuwa kimeandikwa zaidi kwa lugha ya C, kiliweza kujengwa upya kwa ajili ya prosesa za ARM zilizomo kwenye simu, kisha sura mpya ikaandikwa juu yake: Java na baadaye Kotlin kwa Android, Objective-C na baadaye Swift kwa iPhone.

Jasho liko kwenye kufumbua video. Vipande vingi vya kazi hiyo huandikwa kwa lugha ya prosesa yenyewe ili viende kasi, na kilichoandikwa kwa Intel hakifai ARM. Halafu kuna betri. Kompyuta iliyochomekwa ukutani inaweza kutumia nguvu itakavyo. Simu ikifanya hivyo itachemka mkononi na chaji itakwisha filamu ikiwa nusu. Dawa ni kuikabidhi kazi hiyo sehemu ya chipu iliyoundwa kwa ajili ya video, lakini chipu za Android ni za kila namna, na kinachokubali kwenye simu moja huweza kugoma kwenye nyingine.

Lakini hayo yote ni ya mafundi, na mafundi huyamaliza. Leseni ndiyo iliyoikwamisha VLC kwa miaka. Mwaka 2010 kampuni ya Kifaransa iitwayo Applidium iliiandaa kwa iPad na iPhone. Rémi Denis-Courmont, mmoja wa waandishi wakuu wa VLC, akapinga: masharti ya duka la Apple yanamwekea mtumiaji mipaka ambayo GPL inaikataza. Januari 2011 Apple wakaiondoa. Wapo waliomlaumu kwa kuwanyima watu programu ya bure. Mimi naona alikuwa na haki, kwani kwenye mradi wa aina hii kila aliyeandika kipande ndiye mwenye hakimiliki yake, na hakuna bosi wa kuamua kwa niaba yake.

Ndiyo maana kubadilisha leseni kulikuwa kibarua. Jean-Baptiste Kempf, aliyeuongoza mradi, ilibidi awasake waliochangia, wakiwemo walioacha zamani, aombe ridhaa ya mmoja mmoja ili kiini kihamie leseni yenye masharti nafuu zaidi, LGPL. VLC ilirudi kwenye iPhone Julai 2013. Wenzetu mnaoanzisha miradi huria Nairobi au Dar, amueni habari ya leseni wakati wachangiaji bado wanaenea meza moja.

Na mpangaji hata akiruhusiwa kuingia, hajamaliza. Mwaka 2018 simu mpya za Huawei zilikuwa zikiua programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri. Ukizima kioo usikilize muziki, kimya. Watumiaji hawakuilaumu simu, waliishushia VLC nyota moja. VideoLAN, yaani waandaaji wa VLC, wakaamua kuzizuia simu hizo kuipata VLC kwenye Play Store. Aliyeitaka aliweza kuchukua APK, yaani faili la kuisakinisha, kwenye tovuti yao. Ulikuwa ukali, lakini walikuwa na mlango huo wa pili. Kwa iPhone wasingekuwa nao.

Si kila mradi una kiini cha kubeba. Thunderbird, programu ya barua pepe iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2004, imefungamana mno na teknolojia ya Firefox ya kompyuta. Waandishi wake hawakujaribu kuibana iingie kwenye Android. Mwaka 2022 waliungana na K-9 Mail, programu huria ya barua pepe iliyokuwa kwenye Android tangu 2008, pamoja na msimamizi wake, na Oktoba 2024 Thunderbird ya Android ikatoka ikiwa imejengwa juu yake. Waliozoea K-9 hawakulazimishwa kuhama: iliendelea kutolewa sambamba, msimbo uleule, nembo mbili.