Ruta na Wingi wa Maombi



Barua hutufikia hapa Uru kwa sababu bahasha ina anwani. Katika intaneti ya kawaida ni vivyo hivyo: ujumbe hubeba anwani, na mashine iitwayo ruta huuelekeza njia. Lakini iko namna nyingine, ambayo ujumbe hauna anwani. Kila mtu huomba habari azitakazo, na ruta huangalia yaliyomo katika ujumbe, kisha humpelekea kila aliyeomba.

Taabu yake ni hii. Tuseme mkulima wa Uru Shimbwe anaomba bei ya kahawa ya daraja la AA katika mnada wa Moshi, na wa Uru Mashariki anaomba bei zote za mnada huo. Watu wawili si kazi. Lakini wakiwa laki mbili, na kila ujumbe ukalinganishwa na maombi yote moja moja, ruta italemewa na habari zitachelewa.

Mwaka 2001 wataalamu Antonio Carzaniga, David Rosenblum na Alexander Wolf walieleza dawa yake katika mtandao waliouita Siena. Ombi pana hufunika ombi dogo. Aombaye bei zote amekwisha kuomba na ya AA. Basi ruta ya Uru hupeleka Moshi ombi pana peke yake. Lile la AA hulihifadhi yenyewe, na habari zikifika huzigawa hapa hapa. Hivyo orodha ya Moshi hubaki fupi, hata waombaji wa Uru wakiongezeka.

Tulilijaribu jambo hili darasani kwa vipande vya karatasi, mimi nikiwa ruta ya Uru. Yalikwenda vizuri mpaka mwenye ombi pana alipojitoa. Nililifuta ombi lake Moshi, nikasahau kwamba chini yake lilikuwapo la AA. Bei zikasomwa, na mwenzangu wa Shimbwe akakaa kimya akingojea, asijue kuwa amekosa. Ilinipasa kulipeleka ombi lake Moshi kwanza, ndipo nilifute lile pana.

Mkulima akikosa bei ya siku hiyo, huenda akauza kahawa yake kwa hasara. Kwa hiyo ruta njema hufupisha orodha yake, lakini haimsahau aliyefunikwa. Nawasihi wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza waujaribu mchezo huu. Karatasi na kalamu zatosha.