Njia, Neno la Kuazima

Katika riwaya, opera na filamu za Ulaya, Mroma, ambaye majirani zake walizoea kumwita Mjipsi kwa kudhani kwamba mababu zake walitoka Misri, huonekana karibu kila mara akiwa safarini, na mkokoteni wake wenye paa na moto wake wa kambi. Taswira hiyo imekita mizizi kiasi kwamba kuhamahama hudhaniwa kuwa ndiyo asili yenyewe ya watu hao, ilhali Waroma walio wengi barani Ulaya leo wanaishi katika nyumba za kudumu.

Asili yao husimuliwa vyema zaidi na lugha. Kiromani ni ndugu wa Kihindi na Kipunjabi, na maneno kiliyookota njiani ndiyo yanayoonyesha safari iliyoanza kaskazini mwa Bara Hindi takribani miaka 1,000 iliyopita, ikapitia Uajemi, Armenia na nchi za Wagiriki. Hesabu yatosha kuwa ushahidi: jekh, duj na trin, yaani moja, mbili na tatu, zilitoka Uhindi, lakini efta, oxto na enja, yaani saba, nane na tisa, ni za Kigiriki, kama ambavyo sita, saba na tisa za Kiswahili ni za Kiarabu. Hata drom, neno lenye maana ya njia, ambalo mgeni angedhani kuwa la asili kuliko yote, liliazimwa kwa Wagiriki.

Kuhama kwenyewe kulitokana zaidi na riziki na sheria kuliko mapenzi ya uhuru yanayosifiwa na washairi wasio Waroma. Fundi wa masufuria ya shaba hakuweza kukaa kijiji kimoja mwaka mzima, kwa kuwa vyombo vya kuziba vingekwisha. Na palipokuwa na nafasi ya kutulia, dola ilikataa, kama Uingereza ilivyofanya mwaka 1530 ilipowapa siku 16 waondoke nchini. Kwingineko walizuiwa kwenda. Katika Moldavia na Wallachia, sehemu za Rumania ya leo, walikuwa watumwa wa watawala, makabaila na nyumba za watawa hadi mwaka 1855 na 1856, na katika karne ya 18 malkia Maria Theresa wa Hungaria aliwapiga marufuku kumiliki farasi na mikokoteni, akaamuru waitwe Wahungaria wapya.

Wenyewe huuita utambulisho wao romanipe, Uroma, na ndani yake mna lugha, heshima kwa wazee, na mipaka kati ya safi na najisi inayofika hadi jikoni, ambako beseni la kuoshea vyombo halifuliwi nguo hata siku moja.

Mvutano kati ya taswira ya njia na utambulisho huo wa ndani hauonekani popote waziwazi kama katika maisha ya Bronisława Wajs wa Poland, aliyejulikana kwa jina la Papusza, yaani mwanasesere. Alikulia katika msafara wa wapiga vinubi, akajifunza kusoma wakati wenzake hawakuona haja, na akatunga kwa Kiromani tenzi za misitu na za miaka ya kujificha mbele ya Wanazi. Mshairi Jerzy Ficowski alizitafsiri na kuzichapisha, lakini serikali ya Poland, iliyotaka kuwalazimisha Waroma kukaa mahali pamoja, ikazitumia kama hoja yake, hivyo mwanamke aliyeililia njia akaonekana kuwa ndiye aliyeiuza. Wazee walimtangaza kuwa najisi. Ni hukumu ya kikatili, ingawa inaeleweka: kosa lililoadhibiwa halikuwa kuacha mkokoteni bali kumfungulia mgeni siri za ndani.

Mwaka 1964 polisi wa Poland walizuia misafara iliyosalia. Papusza, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameishi katika nyumba ya kudumu kwa zaidi ya miaka 10, alifariki mwaka 1987 mjini Inowrocław.